Ugonjwa wa Mlangoni

Katika kambi ya wakimbizi kulikuwa na magonjwa ya aina mbili: ugonjwa wa ndani na ugonjwa wa mlangoni. Ugonjwa wa ndani ni ule unaokuumiza kweli. Ugonjwa wa mlangoni ni ule unaomwambia bawabu wa zahanati ili akupe namba, maana namba zilikuwa arobaini kwa siku na foleni ilikuwa ya watu mia tatu. Bawabu hakuwa daktari wala mwana wa daktari, lakini yeye ndiye aliyeamua nani mgonjwa. Ukimtajia jino, anakucheka. Ukimtajia mgongo, anakusimulia wa kwake. Ila ukikohoa ukajishika kifua na kuonyesha kitambaa chenye doa jekundu, unaingia. Ukishafika ndani unamwambia daktari habari za jino lako, naye anatikisa kichwa, analing'oa lililooza, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeuita uongo, na hakuna aliyeona haya.

Bingwa wa magonjwa ya mlangoni, hapana ubishi, alikuwa Wifi. Mama Pindo ndiye aliyemwita hivyo, kwa sababu alikuwa dada wa marehemu mume wake, na kwa kuwa alimwita kwa sauti kubwa kutwa kucha, kambi nzima ikadaka. Hata wanaume wenye ndevu walimwita Wifi. Mwanamke yule aliweza kuzimia macho yakiwa wazi. Aliweza kutetemeka kwa homa jua la saa saba likiwa utosini. Watu wenye matatizo madogo walimwendea kumwuliza waugue nini, naye aliwachagulia kama muuza nguo anavyomchagulia mteja: wewe mwembamba, kifua kitakukaa vizuri, wewe mnene, ugua moyo.

Mama Pindo mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Jina lilimpata kwa kuwa kwa miaka kumi na minne alipinda pindo za kambi nzima, kuanzia sare za shule hadi sanda. Ya mumewe pia aliishona yeye, mwaka wa tisa, kwa mkono, maana siku ile hakutaka kusikia mlio wa cherehani.

Walipotolewa kambini na kuhamishiwa nchi mpya walikuwa wanne: Mama Pindo, Wifi, mwanawe na mkwewe mwenye mimba ya miezi mitano. Walipewa nyumba ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ikijisikia. Mwana akapata kazi ghalani, kupakia vifurushi. Baada ya miezi minne mjukuu akazaliwa, msichana, na nyumba ikajaa vigelegele na nepi.

Mama Pindo alimpokea kwa mikono miwili, akamsogeza karibu na uso, akaona ukungu. Ndivyo macho yake yalivyokuwa kwa mwaka mzima na zaidi: kila kitu kama kinatazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Alimjua mtoto kwa uzito, kwa harufu ya shingo, na kwa vipimo, maana fundi ni fundi. Begani hadi begani, shubiri moja na vidole viwili. Kichwa, kikubwa kidogo kwa umri wake. Alimwita mke mwenza, kama bibi yeyote mwenye akili timamu anavyomtania mjukuu wake wa kike. Lakini uso hakuuona.

"Kafanana na nani?" aliuliza.

"Mama, mtoto ni mtoto," mwanawe akajibu, akatafuta viatu vyake vya kazini.

Mkwewe alicheka kidogo akaenda kutoa nguo mashineni. Wifi, ambaye kwa kawaida alikuwa na maoni hata juu ya mvua ya nchi jirani, alisema tu kwamba watoto wachanga wote wanafanana na viazi.

Kuanzia siku hiyo Mama Pindo alitaka jambo moja tu duniani: kuuona uso wa mjukuu wake angali mchanga, kabla hajaanza kukimbia na kuficha sura kama watoto wakubwa wanavyofanya. Alikuwa amekosa mengi katika maisha yake. Hili hakuwa tayari kulikosa.

Siku moja kabla ya miadi yake ya kwanza zahanati, Wifi alimkalisha mezani kumfundisha.

"Kesho utasema unaumwa nini?"

"Macho."

"Macho!" Wifi alipiga makofi kwa masikitiko. "Macho hayaui, wifi yangu. Ukitaja macho watakwambia kaa pale, na pale ndipo utakapozeekea. Sema kifua."

"Lakini wanasema huku hakuna bawabu."

"Hujamwona tu. Na utamwonaje, wakati ni hayo macho yenyewe unayoumwa?"

Mama Pindo akachukua nepi akaanza kuikunja, na kwa Wifi hiyo ilikuwa sawa na kukubali.

Kule zahanati kulikuwa na viti vya plastiki, kioo cha kuonyesha namba, na binti wa mapokezi mwenye sauti ya upole. Mezani palikuwa na simu, na ndani ya simu alikuwamo mwanamke aliyezungumza Kiswahili kikavu, cha mtu wa kanuni.

"Habari yako, mama. Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila linalosemwa, siongezi wala sipunguzi. Leo una tatizo gani?"

"Kifua, mwanangu," Mama Pindo akasema. "Nakohoa damu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuachia neno lolote juu ya anayetangaza maradhi asiyokuwa nayo. Kambini, mlangoni palikuwa mahali pa kubishana: wewe unasema unakufa, bawabu anasema hufi, mnapatana katikati. Huku hakuna aliyebisha. Kabla hajaketi sawasawa alikuwa amevishwa barakoa na kupelekwa chumba cha peke yake chenye mlango wa kioo. Wakampiga picha ya kifua. Wakamtemesha kikoponi. Watu wanne walimhudumia kwa wakati mmoja, wote kwa haraka na huruma, naye akiwa amekaa pale amepigwa na bumbuwazi kama bibi harusi aliyeletwa nyumba isiyo yake. Nje ya kioo Wifi alikuwa amemnyooshea dole gumba.

Majibu yalikuja baada ya siku chache: mapafu masafi. "Una mapafu mazuri kuliko yangu," daktari alisema, na simu ikatafsiri. Mama Pindo alipofungua kinywa kutaja macho, muda wa miadi ulikuwa umekwisha.

"Kifua kimechakaa," Wifi akaamua. "Safari ijayo, moyo."

Safari ya moyo walimbandika nyaya kifuani na kumpaka mafuta ya baridi, wakautazama moyo wake ukicheza kwenye kioo. Moyo ulikuwa mzima. Safari ya tatu Wifi alileta silaha yake kubwa, kuzimia, na Mama Pindo akaingizwa kichwa kizima ndani ya pipa linalonguruma. Akili nayo ilikuwa timamu, ingawa wakati huo yeye mwenyewe alianza kuwa na mashaka. Mtoto alikuwa na miezi sita sasa, ana meno mawili, na bibi yake aliyajua kwa kidole tu.

Siku hiyo ya pipa, akiwa anatoka, Mama Pindo alisimama karibu na mlango na kuaga kwa adabu zote.

"Nashukuru sana, daktari. Kazi njema. Na mkeo msalimie."

Muuguzi mmoja mrefu aliyekuwa akipita alisimama. Daktari alikuwa upande wa pili wa chumba. Aliyeagwa lilikuwa koti jeupe, limetundikwa kwenye msumari.

Muuguzi alimrudisha Mama Pindo kitini, akachukua tochi ndogo, akammulika jicho la kulia, kisha la kushoto. Akasema maneno machache, na simu ikayasema kwa Kiswahili: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni upasuaji wa dakika ishirini.

"Mbona hukusema, mama?" simu ikatafsiri.

Mama Pindo alijikohoza, safari hii kweli.

Daktari wa macho alimpa tarehe wiki tatu mbele. Nyumbani palikuwa kama sikukuu. Mwanawe aliomba likizo ya siku mbili, mkwewe akaiweka tarehe kwa kalamu nyekundu mlangoni mwa jokofu, na Wifi akajitangazia sifa zote kwa maelezo kwamba bila kifua, moyo na kuzimia, wasingefika hapo.

Furaha hiyo ilidumu hadi walipokutana na daktari wa usingizi, yule wa dawa za ganzi.

Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyoteremka puani, na kazi yake ilikuwa kusoma faili la mgonjwa kabla hajalazwa kwenye meza ya upasuaji. Faili la Mama Pindo alilisoma kurasa zote. Kadiri alivyosoma ndivyo nyusi zake zilivyopanda. Simu ilikuwa mezani, na ndani yake sauti ile ile kavu.

"Daktari anasema hivi, mama. Faili linaonyesha unakohoa damu, moyo unakubana, na unazimia mara tatu kwa wiki. Upasuaji huu unafanywa ukiwa macho, umelala chali, bila kutikisika. Ukikohoa au ukazimia kisu kikiwa jichoni, utalipoteza jicho. Majibu ya vipimo yanaonyesha hakuna kitu, lakini dalili zinaendelea, kwa hiyo kuna ugonjwa ambao hawajaupata. Anataka uwaone mabingwa wa moyo na mapafu kwanza. Tarehe inasogezwa. Labda mwakani."

Mwakani. Mama Pindo alihesabu kwa vidole kama anavyohesabu vifungo. Mwakani mke mwenza atakuwa anatembea, anasema, ameshabadilika sura mara tatu. Alihisi machozi, na hasira, na zaidi ya yote aibu. Kambini aliyeshikwa na uongo kadi yake ilitobolewa tundu, na mwenye kadi yenye tundu hakupewa namba mwezi mzima. Huku hakujua wangetoboa nini. Pengine wangewarudisha wote walikotoka, mtoto na meno yake mawili.

Wifi, kwa nia njema kabisa, aliamua kuokoa jahazi. Alilegeza shingo na kuanza kuteleza kitini taratibu.

"Wifi, kaa vizuri!" Mama Pindo alisema. Kisha akaigeukia simu. "Mkalimani, upo?"

"Nipo, mama."

"Mwambie daktari mimi sikohoi damu. Sijawahi. Moyo wangu haujanibana hata siku moja, na kuzimia sijui kunaanzia wapi. Ninaumwa macho tu. Nilisema hayo mengine ili niingie."

"Usimsikilize!" Wifi akadakia. "Ni homa imempanda!"

"Na huyo naye usimtafsiri," Mama Pindo akasema.

Simu ikauliza: "Mama, nitafsiri yote? Yote, kama ulivyosema?"

"Yote. Nimechoka kuumwa."

Sauti ikatafsiri. Daktari alivua miwani. Akauliza jambo fupi, na mkalimani akajibu jambo refu, refu mno kwa mtu asiyeongeza wala kupunguza. Katikati ya maelezo yale sauti kavu ilibadilika, ikaanza kukatika, na Mama Pindo akasikia kitu ambacho hakukitarajia: mkalimani anajizuia kucheka. Daktari hakujizuia. Alicheka hadi faili likaanguka.

"Umemwambia nini?" Mama Pindo akauliza.

"Nimemwambia ulichosema. Kisha ameuliza kuingia wapi, nikamwomba ruhusa niseme neno langu mwenyewe, akanipa. Nimemweleza kuhusu bawabu." Sauti ilivuta pumzi. "Nimemwambia hata mimi nilikohoa damu miaka tisa, mama, na sijawahi kukohoa."

Mama Pindo aliushika mkono wa Wifi akaubana. Mle ndani ya kisanduku kidogo, miezi yote ile, kumbe alikuwamo mtu wa nyumbani.

Lakini daktari wa usingizi hakuwa mtoto. Alipomaliza kufuta machozi aliuliza swali la haki: ikiwa ya jana yalikuwa uongo, atajuaje kwamba ya leo ni kweli?

"Anipime," Mama Pindo akasema. "Maisha yangu yote nimekuwa nikionyesha ninavyoumwa. Leo aseme anataka nionyeshe nini, nitamwonyesha uzima."

Basi daktari akamwambia apande ngazi ghorofa tatu na kushuka bila kupumzika. Muuguzi mrefu atafuata na saa mkononi. Kwa kuwa Mama Pindo haoni vizuri, Wifi atamshika mkono.

Mtu anayeishi ghorofa ya nne na lifti yenye kiburi hawezi kutishwa na ngazi. Mama Pindo alizipanda kama anayemfuata mdaiwa. Ghorofa ya kwanza alikuwa anaongea. Ya pili alikuwa anaimba. Wifi ndiye aliyenyamaza.

"Wifi," Wifi akasema akikalia ngazi, "nakufa."

"Inuka, huku hakuna bawabu!"

"Safari hii kweli!"

Mama Pindo alimsikiliza anavyohema. Alikuwa amemsikia mwanamke huyu akifa mara mia mbili, na hakuna hata mara moja alipokufa kwa maneno machache hivyo. Akamwita muuguzi. Wifi akafungwa mpira mkononi, mpira ukavimba, ukanywea, na muuguzi akaangalia namba mara mbili. Presha ilikuwa juu mno. Wakamketisha kwenye kiti cha magurudumu, wakamfungulia faili jipya, na siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani Wifi alipewa dawa ya ugonjwa aliokuwa nao.

"Na sikusema hata neno," alilalamika akisukumwa. "Miaka yote ile ya kazi, halafu nimeingia bure bure!"

Mama Pindo alimalizia ghorofa ya tatu peke yake, ameshika ukuta, akashuka, akalala chali kitandani kama alivyoagizwa. Nusu saa, bila kukohoa, bila kujigeuza. Hakukohoa wala kujigeuza. Alilala usingizi wa kweli na kukoroma hadi muuguzi akafunga mlango. Alipoamshwa, daktari alikuwa ameshatia sahihi. Akamweleza kupitia simu kwamba ukitazama vizuri, uongo wake ulikuwa umemfanyia kazi nusu: kila ugonjwa aliouzua ulishapimwa, na hakuna hata mmoja aliokuwa nao. Hajawahi kumpasua mtu ambaye ana uhakika naye hivyo. Tarehe inabaki pale pale.

"Nawatakia heri, mama," mkalimani akasema, na kabla hajakata akaongeza haraka, kinyume cha kanuni zake zote, "umbusu mtoto kwa niaba yangu."

Wakampasua jicho la kulia. Hakuna alichosikia zaidi ya maji na mwanga, na mtu akimwambia tulia. Kesho yake asubuhi muuguzi mrefu alimwondolea kifuniko cha jicho, akampangusa, akarudi nyuma.

Kitu cha kwanza alichokiona Mama Pindo kilikuwa Wifi, amekaa mbele yake na chupa yake ya vidonge mapajani.

"Wifi! Umezeeka hivi lini?"

"Tangu juzi," Wifi akasema. "Ulifikiri wewe utakapojitazama kwenye kioo utamkuta mwari?"

Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, akacheka pia. Njiani Mama Pindo alisoma kila kitu kwa jicho lake moja: mishono ya makoti ya wapita njia, vumbi kwenye vioo, rangi ya mlango wa jengo lao ambao miezi kumi na moja alidhani ni mweusi, kumbe ni kijani. Ngazi alizipanda mwenyewe. Wifi alifuata nyuma kwa mwendo aliopangiwa na daktari, anapumzika kila ghorofa, safari hii bila maonyesho.

Mkwewe alikuwa amesimama dirishani na mtoto mikononi. Mwanawe alikuwa kando yake, ameshika pazia. Hakuna aliyesema karibu. Mama Pindo aliwaona wote wawili na akawapita, kwa sababu hakuja kwa ajili yao.

Mtoto aligeuka. Alikuwa na paji la uso pana, masikio yaliyosimama kama vishikio vya kikombe, shimo dogo kwenye shavu la kushoto na la kulia halina. Alimtazama bibi yake kwa makini, kisha akainua unyusi mmoja, mmoja tu, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.

Mama Pindo alishika ukingo wa dirisha. Uso ule aliujua. Aliamka nao miaka ishirini na sita, akagombana nao, akaufunika kwa kitambaa alichokishona kwa mkono. Hakuwa na hata picha yake moja; zote zilipotea njiani.

"Mbona hamkuniambia?" alisema.

Mwanawe aliinamisha kichwa. Ni Wifi aliyejibu, kutoka mlangoni, bado anahema.

"Ningekuambia nini? Kwamba kaka yangu amelala pale kwenye beseni la nguo anacheka, na wewe huwezi kumwona? Nilisema moyoni, kwanza macho yapone. Ndiyo maana nilikuchagulia magonjwa yote yale, wifi. Nilitaka uingie."

Mama Pindo alilia, na hakuficha. Alilia kwa furaha tupu, na machozi yakamwuma jicho jipya, na mkwewe akapiga kelele kwamba daktari amekataza. Akampokea mtoto, akamweka usawa wa uso wake. Mtoto alinyoosha mkono, akamkamata pua, akaivuta kwa nguvu.

"Haya, mke mwenza," Mama Pindo akamwambia. "Kumbe umekuja naye."

Akakaa naye palepale dirishani, penye mwanga mwingi, na alipoambiwa chai iko tayari akasema waanze tu, yeye bado anatazama.